Wakuu wa Mtwara na Lindi: nataka jiko zito la mkaa la uani, la kuchoma na kubanika kwa moshi. Nichukue lipi?

Mwana Shangani (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Nipo Mtwara mjini, upande wa Shangani, bahari haipo mbali na nyumba. Uani nafasi ipo. Nimechoka na majiko ya bati ya barabarani, unayatumia mvua za msimu mmoja tu, chini kunatoboka na mkaa unakumwagikia miguuni. Safari hii nataka jiko moja la maana, zito, lenye mfuniko. Siku za kawaida nichome mishikaki na kuku wa kienyeji, siku nikiamua niweke mguu wa mbuzi au kolekole mzima abanikwe kwa moshi taratibu mpaka jioni. Nyumbani tukijaa tunafika kumi na tano, sikukuu tunazidi.

Nilichokiona mpaka sasa: kuna la dukani Dar, zuri kwa macho ila bati lake ukilibonyeza kwa kidole linabonyea. Kuna jamaa anahama anauza lile la kauri lenye umbo la yai. Kuna fundi hapa anasema atanipasulia pipa. Na kuna mwingine ananishawishi atengeneze kwa shiti ya chuma ya milimita 6, eti nitawarithisha wajukuu. Bajeti laki saba, nikibanwa naongeza kidogo.

Nichukue lipi? Natanguliza shukrani.

Kusini Kwetu

Yaani gesi ipo Msimbati tangu 1982, wewe upo Shangani unaulizia mkaa. Watu wa nishati safi wakuone tu.

Mwana Shangani

Gesi ipo jikoni mkuu, chai na wali vinapikwa huko. Lakini kuku aliyechomwa kwa gesi nawaachia wenye meno ya kukodi.

Mzee wa Grinda

Mleta mada, mimi kazi yangu ni vyuma, nitasema ninachokijua, mambo ya viungo nawaachia wengine.

Achana na huyo wa milimita 6. Chuma cha unene wa milimita 1, mita moja ya mraba ni karibu kilo 7.85. Shiti ya futi 4 kwa 8 ni karibu mita za mraba 3. Kwa hiyo shiti ya milimita 6 peke yake ni kilo 140. Ya milimita 3 ni kilo 70. Ukitengeneza jiko la watu kumi na tano kwa milimita 6, mwili na mfuniko, unabaki na kitu cha kilo 140 kabla hujaweka miguu wala wavu. Mfuniko wenyewe mke wako hataufungua. Na chuma chote hicho lazima kipate moto kwanza ndipo nyama ipate joto, maana yake unachoma mkaa mwingi wa kupasha jiko. Wenzetu wanaopenda unene huo wengi wanachomea nyama kwenye baridi kali, upepo ukipiga bati jembamba joto linashuka ghafla. Mtwara baridi iko wapi?

Mwili fanya milimita 3. Mfuniko milimita 2 inatosha. Hapo una jiko zito kweli, halipindi, halitingishiki, na bado watu wawili mnalibeba.

Sasa sikiliza. Watu wanauliza unene, hawaulizi mfuniko unakaaje. Jiko la kubanikia linatawaliwa na hewa. Tundu la chini linaingiza hewa kwenye mkaa, bomba la juu linatoa moshi. Ukibana la chini moto unapoa, ukifungua unapanda. Basi. Kama mfuniko una mwanya wa kidole pande zote, hata ubane vipi matundu yako, hewa inapita inakotaka na mkaa unawaka unavyotaka. Nimeona jiko la milimita 5 linalovuja kama chujio, na nimeona la milimita 2 linashika joto lile lile mchana kutwa.

Kabla hujamlipa fundi, nenda jioni giza likishaingia, weka tochi inawaka ndani ya jiko, funika, funga matundu yote. Zunguka. Panapotoka mwanga ndipo patakapopita hewa. Mwanga mwembamba kwenye bawaba si neno, mafuta na masizi yataziba penyewe. Mwanga wa kupitisha kidole, mwambie apige flati baa (chuma bapa chembamba) kuzunguka ukingo wa ndani ili mfuniko uukalie.

Mtanda Kwetu

Mzee umesema vizuri ila pipa umeliruka. Sisi Lindi pipa ndiyo mambo yote. Lita 200, unalipasua kwa urefu, bawaba mbili, nondo, kazi imeisha. Watu wameoa na kuozesha kwa mapipa hayo hayo.

Mzee wa Grinda

Pipa silikatai. Lakini bati lake ni kama milimita 1 tu au zaidi kidogo, na likishapasuliwa lile duara lililokuwa linalishikilia limeondoka. Likipata moto mkali nusu hizo mbili zinajikunja kila moja upande wake, mfuniko unaanza kukaa kama kofia ya kuazima. Mkaa ukilala moja kwa moja kwenye bati, pale chini panaliwa kwanza. Kama unalitaka pipa, piga engo laini (chuma cha pembe) kuzunguka midomo yote miwili ndipo ulipasue, na mkaa ulale kwenye trei yake iliyoinuliwa, usiguse pipa.

Njia nyingine ni kuliacha wima bila kulipasua. Mkaa unakuwa kwenye kikapu cha chuma chini kabisa, wavu juu, katikati pana kama sentimita 60. Matundu matatu chini yenye vifuniko, juu mfuniko wenye tundu. Kwa kubanika tu, hilo pipa wima linashinda majiko mengi ya bei. Kwa mishikaki halifai, mkaa upo mbali mno na nyama.

Na pipa lenyewe ujue lilibeba nini. Lililobeba mafuta ya kula, sawa. Lililobeba dawa au kemikali yoyote, liache lilipo, hata lichomwe moto mara ngapi.

Chuno Classic

Na mitungi ya gesi ya zamani je? Nimeona mitandaoni wanakata katikati, chuma kizito, duara safi.

Mzee wa Grinda

Usiguse. Mtungi unaodhani ni mtupu bado una gesi ndani, cheche moja ya grinda inatosha. Na wengi mitungi si mali yao, ni ya kampuni za gesi.

Da Somoe

Habari zenu kaka zangu. Mimi nachoma kuku na pweza kila siku ya Mungu, kwa hiyo niruhusuni niseme ya upande wa mtumiaji, maana mafundi wakikutengenezea jiko wanafikiria chuma, hawafikirii mkono wa anayechoma.

La kwanza, mkaa unaongezaje nyama ikiwa juu? Hilo ndilo la kuuliza kabla ya yote. Jiko likiwa halina mlango wa pembeni, kila mkaa ukipungua unainua wavu mzima na kuku wake, mafuta yanamwagika, moto unalipuka, huku watoto wamezunguka. Na ukiwa unabanika kwa moshi ndiyo usiseme, kila ukifunua mfuniko joto lote limekwenda na unaanza upya. Fundi akuwekee mlango mbele, usawa wa mkaa, mpana wa kupitisha koleo.

La pili, umbali wa mkaa na wavu. Mishikaki na pweza vinataka mkaa karibu, sentimita kumi hivi. Kuku mzima aliyepasuliwa anataka mbali kidogo, kumi na tano au zaidi, la sivyo ngozi nyeusi na kwenye mfupa damu. Wavu haupandi wala haushuki ukiwa umejaa nyama, kwa hiyo trei ya mkaa ndiyo ipande. Mimi langu lina vishikizo vya ngazi tatu ndani, kama droo ya kabati. Navuta trei kwa ndoano, naihamishia ngazi ya juu, nimemaliza.

La tatu wavu wenyewe. Msikubali nondo ya ujenzi. Ile mikunjo ya nondo inakamata mafuta na ngozi ya samaki, kesho yake unasugua mpaka kucha zinakatika. Chuma cha duara laini, milimita 8, kipangwe karibu karibu ili pweza asizame. Na uwe vipande viwili au vitatu, usiwe mmoja mkubwa. Kipande kimoja unaweza kukitoa ukaweka sufuria ya mchuzi pale pale.

Kusini Kwetu

Dada Somoe upo kijiwe gani tuje kuhakiki?

Da Somoe

Njoo Feri jioni uulize pweza, ukifika unaanza kulipa kwanza.

Jodari

Nataka kulisemea lile la kauri kwa sababu naona mnalipita. Nimelitumia kwa mtu niliyekuwa naishi naye jirani.

Kauri inashika joto kuliko chuma chochote mtakachokitaja. Ukilifunga vizuri, mkaa kidogo unakwenda kutwa nzima, na nyama haikauki kwa sababu hewa inayopita ndani ni ndogo sana. Haliozi kwa kutu, jambo ambalo kwa Shangani si dogo. Kwa kubanika kidari cha ng'ombe au bega la mbuzi, sijaona la kulishinda.

Ila mleta mada, kwa watu kumi na tano litakuelemea. Yale ya ukubwa wa kawaida wavu wake ni kama sentimita 46 kwa kipenyo. Kuku wawili waliopasuliwa, umejaa. Na kwa kuwa ni duara lenye kina, kugawa upande wa moto na upande wa joto tu ni shida bila vifaa vya ziada. Uzito unapita kilo 70, na likidondoka kwenye njia ya changarawe ni vigae vya kusakafia. Ukienda kuliangalia, funua ugonge gonge taratibu kwa kifundo cha kidole kuzunguka mwili wote. Palipo na ufa mlio unabadilika, unakuwa mfu. Tazama pia ile pamba ya mkanda kwenye mdomo, ikiwa imeungua hewa itapita, na hapa mjini mkanda wa kubadilishia huupati. Kama anauza kwa bei ya kuondoka tu, lichukue uwe nalo la pili. Kama anataka bajeti yako yote, mwache ahame nalo.

Boya Jekundu

Kuna kitu cha kuchekesha kuhusu haya majiko ya duara. Lile la Weber lenye umbo la birika, mnaloliona kwenye filamu, lilianzia kwenye boya. George Stephen, mwaka 1952, alikuwa anafanya kazi kiwanda cha vyuma karibu na Chicago kilichokuwa kinatengeneza maboya, akakata boya katikati, nusu ya chini ikawa jiko, nusu ya juu mfuniko, akatoboa matundu ya hewa. Alichoka na upepo na majivu kuingia kwenye nyama. Sisi tuna bandari nzima na hakuna aliyewaza.

Mwana Shangani

Usinipe wazo, kesho nitakamatwa bandarini na grinda.

Asanteni, nimeanza kupata mwanga. Sasa niulize hili la kutu maana ndilo linalonitisha. Geti langu limepakwa rangi mwaka juzi na tayari linamenyuka. Jiko la milimita 3 litaishi muda gani hapa?

Mikindani Mzee

Mwanangu, hapo ndipo penyewe. Umeulizwa unene mpaka kesho lakini pwani chuma hakifi kwa moto, kinakufa kwa chumvi na majivu. Hasa majivu. Majivu yanavuta unyevu usiku kucha, yakishalowa yanakuwa na ukali unaokula chuma toka ndani. Mtu anachoma Jumamosi, anafunika jiko na majivu yake, anarudi wiki mbili baadaye, anasema fundi ameniibia. Hakukuibia. Umeloweka jiko mwenyewe.

Kwa hiyo trei ya majivu iwe ya kuvuta nje, na itengenezwe kama kitu cha kubadilisha. Mwili wa jiko usipigwe na mkaa wala majivu kabisa. Vinavyoliwa viwe trei ya mkaa, trei ya majivu na wavu, kila kimoja kitoke kwa mkono bila kukata wala kuchomelea. Miaka ikipita unakwenda kwa fundi na trei tu, jiko linabaki uani. Jiko lililochomelewa kila kitu pamoja, kitu kimoja kikioza umelitupa lote.

Rangi: nje paka ile ya joto kali, zipo za kuhimili nyuzi 600. Zile za kawaida za mafuta zinababuka siku ya kwanza na zinanuka kwenye chakula. Ndani usipake rangi yoyote. Sugua masizi ya kiwandani na vumbi la grinda, pangusa mafuta ya kula tabaka jembamba, washa mkaa mkali, funika, acha saa mbili au tatu. Chuma kitageuka cheusi chenye kung'aa kidogo. Rudia. Hiyo ndiyo rangi ya ndani, na kila unapobanika nyama yenye mafuta inaongezeka yenyewe.

Na usilifunike kwa turubai la plastiki jiko likiwa na moto au baada ya mvua. Unyevu unakaa chini ya turubai, asubuhi unalikuta linatoka jasho. Banda dogo la bati juu, pembeni wazi, linatosha. Miguu ikalie matofali, isiguse mchanga.

Mzee wa Grinda

Mzee wa Mikindani amemaliza. Naongeza tu la mabati ya zinki. Fundi akitaka kukuokolea kutu kwa kukuletea bati la gavanaizi au wavu wa uzio, kataa. Fundi yeyote aliyechomelea bomba la zinki mahali pasipo na hewa anaijua ile homa ya jioni, unatetemeka kama una malaria. Moshi ule wa zinki usiusogeze karibu na chakula cha watoto.

Chuno Classic

Na wavu wa stenlesi? Kuna mtu ananiuzia rafu za friji za zamani, anasema ni stenlesi tupu.

Mzee wa Grinda

Rafu za friji nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu au plastiki. Usichomee.

Stenlesi nenda na sumaku. Ile ya daraja la 304, ambayo ndiyo masufuria mazuri na masinki, sumaku haiishiki au inaishika kidogo tu pale ilipokunjwa. Ikinasa kwa nguvu, ni ya daraja la chini, itapata madoa ya kutu hapo Shangani mapema. Kuna 316 ya mambo ya bahari, hiyo ina molibdenamu inayokinga chumvi, lakini kwa wavu wa nyama unatupa hela. Wavu wa 304 kwa vyuma vya milimita 6 au 8, mwili chuma cha kawaida. Hapo ndipo pa kuweka pesa zako, siyo kwenye unene wa shiti.

Nachingwea Ndani

Tuongelee moshi sasa maana mmeongea chuma mpaka nimeshiba. Sisi huku mikorosho imejaa, wakipogoa matawi yanalala chini tu. Kuni za mkorosho zinafaa kubanikia?

Da Somoe

Mti mkavu kabisa, uliokaa miezi, naona hauna neno, nimebanikia samaki. Ule mbichi unatoa utomvu na moshi wake unawasha macho. Mimi napenda mpera na mwembe zaidi, moshi wake mtamu. Kwa samaki makumbi ya nazi yanatosha, bibi zetu walibanikia hayo.

Mikindani Mzee

Mti sawa. Ila maganda ya korosho, yale magumu ya nje, HAPANA. Naona vijana wanayaokota kwenye viwanda vya kubangua kwa sababu yanawaka kama yametiwa mafuta ya taa. Yanawaka hivyo kwa sababu yamejaa yale mafuta makali, yale yale yanayounguza ngozi ya mikono ya wabanguaji. Moshi wake unaingia kwenye nyama na kwenye mapafu yako. Maganda ya korosho yaachieni matanuri ya viwandani.

Vifuu vya nazi kwa upande mwingine ni dhahabu. Ukivifanya mkaa vinatoa joto kali na majivu machache. Mkaa wa mikoko msinunue, kukata mikoko bila kibali ni kosa, na bila mikoko samaki wenyewe wa kubanika mtawapata wapi.

Jodari

Na rangi ya moshi mwangalie. Moshi mweupe mzito unaotoka kama wa kuchoma takataka unafanya nyama ichachuke kwa uchungu. Watu wanaloweka kuni maji wakidhani ndiyo utaalamu, kumbe wanapika mvuke na masizi. Kuni kavu, kipande kimoja au viwili kwa wakati, hewa inapita. Moshi unaotakiwa hauonekani sana, una ubluu kwa mbali.

Kubanika taratibu joto linakuwa nyuzi 107 mpaka 135 hivi. Kuchoma moja kwa moja ni 230 kwenda juu. Ndiyo maana nasema mleta mada anataka majiko mawili ndani ya moja, na jiko refu lenye mfuniko ndilo litakalompa yote. Mkaa upande mmoja, nyama upande wa pili, trei ya maji chini ya nyama, bomba la moshi upande wa nyama ili moshi upite juu yake kabla ya kutoka.

Nunua kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama. Kile cha saa kinachobandikwa juu ya mfuniko kinapima joto la juu ya mfuniko, nyama ipo chini, tofauti inaweza kuwa kubwa. Kuku ndani kabisa pajani afike nyuzi 74. Samaki 63. Bega la mbuzi kama unataka lichambuke kwa vidole, lipeleke mpaka 90 na zaidi, na likifika kama 65 au 70 litagoma kupanda muda mrefu sana. Usiongeze mkaa kwa hasira. Nyama inatoa jasho, jasho linaipoza, likikauka itapanda yenyewe.

Mtanda Kwetu

Sasa nyuzi 65 mbuzi akigoma wageni tunawapa nini?

Da Somoe

Pweza. Anachemshwa mapema peke yake alainike, wageni wakianza kukohoa unamtupa juu ya mkaa mkali dakika chache kila upande, ndimu, pilipili, wametulia.

Ruangwa Msomaji

Mleta uzi swali moja: umefikiria upepo? Mimi nilikaa Mtwara. Kusi likianza kuanzia Aprili linapiga toka kusini mashariki miezi mingi, kaskazi ikiingia mwishoni mwa mwaka inageuka. Mlango wa mkaa ukitazama upepo, joto linapanda lenyewe hata ukifunga matundu. Na moshi wote unaingia sebuleni kwa jirani.

Mwana Shangani

Hilo sikuliwaza kabisa. Uani kwangu ukuta upo upande wa mashariki, kwa hiyo kusi linakingwa kiasi.

Mzee wa Grinda

Weka magurudumu miguu miwili ya upande mmoja, miwili mingine iwe mitupu, ya chuma. Unaliinua upande mmoja unaligeuza kama toroli. Magurudumu manne jiko litatembea lenyewe siku ya wageni. Na mvua ikikukuta usilivutie barazani ukafunga milango. Mkaa hauonekani kama una moshi lakini hewa yake inaua watu wamelala.

Kusini Kwetu

Mkuu na la Dar je, lile la kubonyea kwa kidole? Malori yanayokuja kupakia mzigo huku yanashuka matupu, kilomita 560 usafiri si shida.

Mwana Shangani

La Dar nimelitoa. Kwa niliyoyasoma humu nimeamua nitengeneze hapa hapa. Naomba mnikosoe kabla sijapeleka pesa:

Urefu mita 1, upana sentimita 50, kina sentimita 40. Mwili milimita 3, mfuniko milimita 2 wenye kimo cha sentimita 25. Flati baa kuzunguka mdomo. Trei ya mkaa ya ngazi tatu, inatoka. Trei ya majivu inavutwa. Wavu wa 304 vipande vitatu. Mlango wa mkaa mbele. Tundu la hewa moja chini kushoto, bomba juu kulia. Gurudumu mbili. Mshikio wa mfuniko nataka kipande cha mpingo, nimeongea na mchongaji mmoja ana mabaki.

Mzee wa Grinda

Hesabu ya haraka: mwili kilo 40, mfuniko karibu 20, ukiongeza miguu, trei na wavu unakaribia 80 au 90. Vizuri. Mwili unatoka kwenye shiti moja ya milimita 3 na trei zinapatikana kwenye mabaki, hivyo usikubali kuuziwa shiti mbili za milimita 3.

Marekebisho. Tundu la hewa fanya mawili, moja kila mwisho, yenye vibao vya kuteleza. Siku unapochoma nyama jiko zima utahitaji yote, siku ya kubanika unafunga la upande wa nyama. Bomba lisitoke juu kabisa ya mfuniko, litoke ubavuni karibu na usawa wa wavu, la sivyo joto linakimbilia juu na kuiacha nyama. Mpingo ni sawa, ila usibandike kwenye mfuniko moja kwa moja, weka vipande vya bomba kama sentimita 5 katikati ili hewa ipite, vinginevyo utaushika kwa taulo.

Na anza na wavu. Nunua vyuma vya wavu kwanza, vichomelewe, vipimwe, ndipo mwili ukatwe kufuata wavu. Mafundi wengi wanakata mwili kwanza halafu wavu unapwaya au unagoma kuingia.

Da Somoe

Kaka, mlango wa mkaa umeandika mbele tu. Mbele wapi? Jiko la mita moja, mkaa wa kubanika unakaa mwisho mmoja. Mlango ukiwa katikati mkono haufiki. Mwambie fundi uwe upande ule ule wa mkaa, na bawaba iwe chini ufunguke kuelekea chini, upate pa kuegeshea koleo.

Mwana Shangani

Mkaa utakuwa kushoto basi, na mlango kushoto, bawaba chini. Mzee wa Grinda nakuja PM unielekeze fundi wa upande wa Magomeni au Ligula. Kama wewe mwenyewe upo mjini, kazi ni yako.

Mzee wa Grinda

Nipo. Njoo na sumaku.